Firigisi ya mheshimiwa na benchi la mbele kanisani

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba sisi tunaolalamikia wanasiasa kuwekewa viti vya mbele kanisani tunasukumwa na wivu, na kwamba Biblia yenyewe imeagiza wakubwa waheshimiwe. Alitaja Warumi 13, "astahiliye heshima, heshima," akaona mjadala umekwisha.

Mimi ni mama wa jikoni katika parokia moja ya Kikatoliki hapa Bungoma. Shughuli ikitokea, iwe harambee, sikukuu ya msimamizi wa parokia au Misa ya shukrani ya padre mpya, mimi ndiye ninayehesabu kuku na kupanga zamu za kuosha sufuria. Haya mambo ya heshima nayatazama kutoka upande wa moshi, na nakuhakikishia yanaonekana vizuri kuliko kutoka jukwaani.

Siku ya harambee huwa tunapika vyakula viwili. Kwenye mafiga makubwa kuna wali na maharagwe ya waumini. Pembeni, kwenye jiko la makaa, kuna kuku wa kienyeji, chapati na mchuzi wa wageni mashuhuri. Sahani nazo ni za aina mbili: za plastiki zilizopauka kwa jua, na zile za udongo zinazofungiwa kabatini nyumbani kwa paroko. Maji ya chupa huhesabiwa moja moja. Kisha kuna firigisi. Asiyejua desturi zetu Waluhya aelewe kwamba firigisi hailiwi na yeyote aliyetangulia sufuriani. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumpa nafasi hiyo. Aliyempika kuku haionji. Basi siku hizo firigisi zote hutengwa kwenye bakuli lililofunikwa, na kuna mjumbe wa kamati ambaye huja jikoni tena na tena kuhakikisha bakuli lipo. Sijawahi kumsikia akiuliza kama kuni zimetosha.

Harambee yetu iliyopita ilikuwa ya paa la kanisa. Misa ya saa nne ilimngoja mheshimiwa, kwaya ikaimba hadi ikaanza kurudia nyimbo, watoto wakalala migongoni. Msafara ulipofika, viti vilivyowekwa havikuwatosha wasaidizi. Kuna bibi mmoja ambaye huketi benchi la mbele kwa sababu masikio yake yamechoka. Aliinuliwa kwa adabu, akashikwa mkono, akapelekwa nyuma karibu na mlango, mahali ambapo spika ilikuwa inakoroma tu. Kijana aliyekaa pale pake alikuwa na simu mbili na hakujua ishara ya msalaba inaanzia wapi. Simlaumu kwa hilo la msalaba, alikuwa kazini. Lakini bibi yule ndiye aliyeleta kuku wawili kati ya wale waliopikwa asubuhi ile, na alikwenda nyumbani bila kusikia neno hata moja la Injili.

Sasa ndugu yangu wa Warumi 13 afungue Waraka wa Yakobo, mlango wa pili. Anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaambiwa keti hapa mahali pazuri. Anaingia maskini, anaambiwa simama pale. Yakobo anawaambia wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya. Nilipomsomea katekista wetu maneno hayo alicheka akasema, "Mama, huyo Yakobo alikuwa Bungoma?"

Na kuhusu heshima, Petro naye ana la kusema katika waraka wake wa kwanza, 2:17. Anaanza na "waheshimuni watu wote," ndipo mwisho wa mstari anamfikia mfalme, akitaka naye apewe heshima. Kwa hiyo hakuna aliyesema mbunge adharauliwe. Apewe mkono, apewe kiti, apewe chakula. Ninachouliza ni kwa nini heshima yake ilipwe kutoka mfukoni mwa bibi.

Nawashukuru maaskofu wetu waliojaribu. Mnamo Septemba 2021 huko Butere, jirani zetu hapa, siku Rose Okeno aliposimikwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kianglikana nchini, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia, na wakubwa wa siasa walikuwa wamekuja. Mnamo Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akarudisha mchango ambao Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Sh2.6 milioni, pamoja na Sh200,000 za gavana. Siku ile hata bodaboda wa hapa stendi, ambao wengine wao kanisa ni la Krismasi tu, walikuwa wanalizungumza kama mechi.

Lakini maagizo hayo yanahusu kipaza sauti na bahasha. Hayajagusa benchi, wala sahani. Na nitasema ukweli ambao utawaudhi wenzangu: ngazi hizi hazikuletwa na wanasiasa. Waliikuta ngazi imesimama, wakapanda. Mwenyekiti wa parokia ana kiti chake, mweka hazina ana chake, na huku jikoni kwetu wenye sare za zamani huketi kwenye vigoda wakielekeza huku wasichana walioolewa juzi wakisugua masizi ya sufuria. Alhamisi Kuu ikifika, wanaume kumi na wawili huchaguliwa kuoshwa miguu. Karibu wote ni wa baraza na kamati. Wanafika na soksi mpya, miguu imeshaoshwa nyumbani na kupakwa mafuta, na padre anamwagia maji kidogo juu ya usafi. Papa Fransisko aliruhusu rasmi wanawake waoshwe miguu tangu Januari 2016. Yeye mwenyewe, wiki mbili tu baada ya kuchaguliwa mwaka 2013, alikuwa amekwenda katika gereza la vijana mjini Roma akaosha miguu ya wafungwa, wasichana wakiwemo, na mmoja wa wasichana hao akiwa Mwislamu. Kwetu habari hiyo bado iko njiani.

Nifike penye kiini cha barua yangu. Mahubiri ya utumishi tunayasikia sana, ila tazama huelekezwa kwa nani. Akina mama mkatumikie. Vijana jitoeni. Wanaoambiwa hivyo tayari mikono yao iko majini. Ukisoma Mathayo 20 utaona Yesu aliwaambia kina nani. Mama yao wana wa Zebedayo alikuwa amekuja kuwaombea wanawe viti viwili, kimoja kulia kimoja kushoto. (Namwelewa mama yule. Nina vijana wawili nyumbani wasio na kazi.) Wale wanafunzi kumi wengine wakachukia, na nashuku kilichowachoma ni kutanguliwa. Hapo ndipo Yesu alipowaita akawaeleza kwamba wakuu wa mataifa huwatumikisha watu, lakini kwao isiwe hivyo, anayetaka ukubwa awe mtumishi. Aliwaambia wagombea viti. Martha, aliyekuwa anahangaika na mapishi, aliambiwa jambo tofauti kabisa: apunguze kuhangaika. Nasubiri siku nitakayosikia mahubiri hayo mawili yakipelekwa kwa wenyewe.

Sisi wa Bungoma hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mtu aliyeyaelewa. Maurice Otunga alizaliwa Chebukwa mwaka 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Chifu wa wakati wa mkoloni hakuwa mtu wa kupigia watu mihuri kwenye barua, alikuwa na askari, alikusanya kodi, neno lake lilihamisha watu. Kiti kama hicho kilikuwa karibu na mkono wake. Yeye akashika njia ya upadre, akapewa daraja Roma mwaka 1950, na mwaka 1973 akawa Kadinali wa kwanza wa Kenya. Utasema basi alibadilisha kiti kwa kiti. Lakini tazama alikokwenda alipostaafu uaskofu mkuu wa Nairobi mwaka 1997. Alihamia Nyumba ya Wazee, Kasarani, kwa masista wanaowatunza wazee maskini, akaishi humo pamoja na watu wasiokuwa na wa kuwapikia. Alifariki mwaka 2003. Hapa kwetu mtu akistaafu umeneja wa kiwanda cha sukari hutaka bado aitwe meneja hadi kaburini.

Shirika lile la masista nalo lina kisa chake, na kwa mpishi kama mimi kina ladha. Aliyelianzisha ni Mfaransa Jeanne Jugan, aliyeanza maisha ya kazi kama msichana wa jikoni katika nyumba ya matajiri. Mwaka 1839 alimchukua bibi kipofu, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Kazi ilipokua, padre mmoja akajitwalia uongozi, akamwondoa, na akaacha watu waamini kwamba mwanzilishi ni yeye. Jeanne aliishi miaka 27 ya mwisho akiwa amewekwa kando, na wasichana waliokuwa wakijiunga hawakujua kwamba bikizee anayekaa nao ndiye aliyewafungulia mlango. Alikufa mwaka 1879. Baadaye Roma ilimwondoa padre yule madarakani, na mwaka 2009 Jeanne akatangazwa mtakatifu.

Nisieleweke vibaya. Alichofanya padre yule ni dhuluma, na mtu asije akachukua kisa hiki kuwaambia akina mama wanyamaze. Nakileta kwa sababu nyingine. Alinyang'anywa cheo, jina na sifa, lakini wazee waliendelea kulishwa, na hicho ndicho alichokuwa anataka tangu mwanzo. Mtu wa namna hiyo utamtisha na nini?

Yohana anapoeleza Yesu alivyoosha miguu, kabla hajataja maji anasema kwanza kwamba Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi, na alijua alikotoka na anakokwenda. Ndipo akavua vazi, akajifunga kitambaa. Aliinama kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kulinda. Petro ndiye aliyetaabika, akakataa kuoshwa, na mimi naona Petro alikuwa amepiga hesabu upesi: Bwana akishuka hadi hapa, mimi nitabaki juu kwa hoja gani?

Nimewatumikia waheshimiwa wengi chakula, wa vyama vyote, na sijapata kumwogopa hata mmoja, kwa sababu sina ninachomwomba. Waliokuwa wanatetemeka siku ile ya harambee ni watu wa meza kuu. Mmoja ana mtoto anayengoja basari. Mwingine ana lori linalotafuta tenda ya kokoto za barabara. Mheshimiwa akifanya mzaha baridi wanacheka kabla hajaumaliza. Nilimwekea chakula, nikamkaribisha kwa jina lake na la mama yake, maana mama yake namfahamu, akasimama akanisalimu kwa mikono miwili. Alikula vizuri. Nafikiri katika msafara mzima yale ndiyo maneno pekee aliyoambiwa bila kuvutwa shati.

Msomaji wetu atauliza, basi paa litatoka wapi? Ni swali la haki. Mheshimiwa alitoa pesa nzuri na akaahidi nyingine ambazo bado tunazisikia redioni. Jumuiya zetu ndogo ndogo zilianza baadaye kuchanga bati moja moja, zile za wafanyabiashara zikaleta mengi, zile za vibarua zikaleta machache, moja ikaleta misumari. Upande wa kulia wa kanisa umeezekwa. Upande wa kushoto bado, na mvua za Machi hazingoji kamati, kwa hiyo simdanganyi mtu kwamba njia hii ni ya haraka.

Kwa upande wetu wa jikoni tumekubaliana jambo. Shughuli ijayo ni chakula kimoja, mafiga mamoja, foleni moja, na wazee na wagonjwa watangulie. Sahani za udongo zitatolewa zote kabatini na kila atakayebahatika atakula humo, awe diwani au mchunga ng'ombe. Sufuria zitaoshwa na baraza la parokia, maana ndilo lenye wanaume wengi wenye nguvu. Paroko amekubali lile la foleni, la sufuria amesema atalifikiria. Mwenyekiti ameniuliza, kwa uchungu wa kweli kabisa, firigisi zitakwenda wapi. Nimemwambia zitakatwakatwa zirudishwe kwenye mchuzi, na atakayezipata kwenye sahani yake azile.

Ni mimi,
Mama wa Jikoni,
Kaunti ya Bungoma