Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu wa Romania kuhusu Mawaziri wa 1941

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mzazi Mtanzania niliyekuja Bucharest kusoma nikabaki. Barua niliyoileta ofisini kwako kwa Kiromania iligongwa muhuri wa mapokezi kisha ikanyamaziwa, basi hii naiandika kwa Kiswahili, hadharani, ili angalau wenzangu waisome.

Wiki iliyopita mwalimu aliliambia darasa la binti yangu kwamba mawaziri wa Marshali Ion Antonescu, aliyeitawala Romania kuanzia 1940 hadi 1944, walikuwa wataalamu tu, wasomi waliokabidhiwa fedha, reli na ngano, na kwamba mambo ya Wayahudi hayakuwahusu. Binti yangu akanyosha mkono na kuuliza ni nani basi aliyetia saini zile amri dhidi ya Wayahudi. Akajibiwa kwamba historia hiyo si ya kwao. Mheshimiwa, mtoto huyu amezaliwa hapa Bucharest. Kwao ni wapi?

Jibu la swali lake limo katika nyaraka za serikali yenyewe. Tarehe 8 Julai 1941, siku chache baada ya mauaji ya Iași, mji wa mashariki mwa Romania, ambako Wayahudi zaidi ya 13,000 waliangamia, maelfu yao kwa kiu na kukosa hewa ndani ya mabehewa ya mizigo yaliyofungwa, Mihai Antonescu, aliyekuwa naibu wa Marshali serikalini, aliliambia Baraza la Mawaziri kwamba hajali historia ikiwahesabu kuwa washenzi, na kwamba ikibidi bunduki za rashasha zitumike. Aliyekaa mezani pale alisikia, awe wa fedha au wa kilimo. Mali za Wayahudi nazo zilichukuliwa kwa sheria, na mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya kuzisimamia. Nyumba ya mtu haihami mikono bila daftari, mhasibu na muhuri, na hiyo ndiyo kazi ya wataalamu. Mwaka 1942 Waroma, watu waitwao pia Wajipsi, wapatao 25,000 walipelekwa Transnistria, ng'ambo ya mto Dniester, na takribani 11,000 wakafia huko. Tume iliyoongozwa na mwandishi Elie Wiesel, manusura wa mauaji hayo ya Wayahudi, ambayo iliundwa na dola hii hii, ilieleza mwaka 2004 kwamba Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 waliuawa au walikufa katika maeneo yaliyokuwa chini ya mamlaka ya Romania.

Najua mwalimu atamtaja Mircea Vulcănescu, mwanafalsafa aliyekuwa naibu katika wizara ya fedha, akafia katika gereza la Aiud mwaka 1952. Mateso yake yalikuwa ya kweli, na ni aibu ya waliomfunga. Hata hivyo, hayajibu alichouliza binti yangu.

Nikumbushe pia, maana kumbukumbu za wakubwa huchoka mapema, kwamba Sheria namba 174 ya 2021 ilituahidi somo la lazima la historia ya Wayahudi na Holokosti, yaani mauaji ya halaiki ya Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika shule za sekondari kuanzia mwaka wa masomo 2023–2024. Nilipokwenda shuleni nilionyeshwa ratiba nadhifu kabisa, somo hilo limeandikwa kwa wino wa kijani. Katika daftari la binti yangu, chini ya kichwa cha somo hilohilo, mna milinganyo ya hisabati. Huenda walimu hawakupewa mafunzo, huenda wanawaogopa wazazi, huenda yupo mkubwa asiyelipenda somo. Nakisia tu, kwa kuwa wa kunieleza hayupo. Tangu siku ile mtoto anaamka na visingizio vya kutokwenda shule, mimi naomba ruhusa kazini hadi msimamizi ananitazama kwa jicho la pembeni, na mke wangu ananisihi ninyamaze kwa kuwa sisi ni wageni.

Siombi mwalimu afukuzwe, wala siombi kuombwa radhi. Naomba kumbukumbu za kikao cha 8 Julai 1941 zisomwe darasani kama zilivyoandikwa, kwa sauti, mbele ya watoto wote, na mwalimu awepo. Zimekwisha kuchapishwa, wala hazihitaji bajeti. Naambatanisha nakala ya kurasa zenyewe, endapo ofisi yako haijapata nafasi ya kuzitafuta. Zisomwe kabla muhula huu haujafungwa.

Wako katika ujenzi wa elimu,
Mzazi, Bucharest