Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Injini Zimeitika, Sasa Tuongee Mnyororo

Ndugu wanachama, wazee wangu, kaka na dada, salamu nyingi. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aseme kila mwisho wa mwaka nini kimefanyika na nini hakijafanyika, basi nimekaa hapa jikoni usiku huu, mvua ya Oregon hapa Marekani haijakata tangu asubuhi, naandika kama ninavoongea na nyinyi pale gereji, mniwie radhi nikirefusha sehemu moja na kukatisha nyingine.

Hali ya chama chetu cha kufufua chenso za zamani, yaani misumeno ya injini, kwanza. Tuko watu 19, wengi Portland hapa hapa, wawili Salem, mmoja ng'ambo ya mto upande wa jimbo la Washington. Tumepata wapya watatu, wote Wakongo, na mmoja wao alikuwa anapasua mbao Ituri kabla hajaja huku, yaani kaja na mikono ambayo tayari inaujua mti, karibu sana kaka. Mashine tunazo saba, zinazowaka ni nne. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa inawaka moja tu na hiyo nayo kwa kubembelezwa.

Kwa hao wapya, na kwa wake na waume zetu wanaouliza kila Jumamosi tunaenda kufanya nini, nieleze kidogo. Chenso, au pawasoo kama wanavosema wenzetu wa Kenya, haikuanza kuwa ya mtu mmoja. Huko Ujerumani Andreas Stihl alitoa ya umeme mwaka 1926, kilo 48, halafu 1929 akatoa ya petroli ya kilo 46, na mwenzake Emil Lerp alijaribu ya kwake 1927 kwenye mlima Dolmar, ndo maana kampuni ikaja kuitwa Dolmar. Kilo 46 hubebi peke yako ukakata mti siku nzima. Mmoja anashika upande wa injini, mwingine anashika mpini wa mwisho kabisa wa upanga, lile bapa refu linalobeba mnyororo, na huyo wa mwisho hana kitufe wala akseleta, ana mikono yake na macho tu. Vita vya pili vilipoanza Wamarekani wakahitaji za kwao, ndipo Disston wa Philadelphia, watu wa misumeno ya mkono toka karne ya 19, wakaungana na injini ya Mercury iliyotengenezwa na Kiekhaefer kule Wisconsin, zikaenda jeshini kwa mainjinia, na vita ilipoisha zikaingia kwenye misitu ya huku Magharibi ambako miti ya Douglas fir ina unene ambao ukisimama pembeni yake unaonekana mtoto. Mwaka 1949 McCulloch akatoa ile 3-25 ya mtu mmoja, ratili 25, kama kilo 11 hivi, na kuanzia hapo za watu wawili zikaanza kuachwa nyuma ya mabanda.

Mimi nimekulia Lushoto. Baba yangu alikuwa anapasua mkulo kwa msumeno wa shimo, yeye juu ya gogo na baba mdogo chini shimoni anakula vumbi la mbao, na wa juu ndo anafuata mstari, wa chini anavuta kwa kuamini. Siku ya kwanza nilipoona ule mpini wa mwisho wa chenso ya zamani, nilielewa mara moja ni kitu gani bila kuambiwa na mtu. Ndo maana naipenda kazi hii kiasi hiki na sioni aibu kusema.

Sasa ile Disston yetu ya watu wawili. Mnajua wote ilivokuja, mzee mmoja mstaafu wa msituni upande wa Tillamook aliikuta bandani kwake chini ya turubai, akatupa bure kwa sharti moja tu, tusiipake rangi. Ina zaidi ya kilo 45 na upanga wake, tulivoishusha kwenye pikapu tulikuwa wanne. Pistoni zote mbili zimeganda. Silinda zake zimelala, moja inaangalia huku nyingine kule, kwa hiyo ukimwaga dawa ya kutu inakaa upande mmoja tu, tukawa tunailaza wiki hii ubavu wa kushoto, wiki ijayo ubavu wa kulia, mchanganyiko wa asetoni na oili ya giaboksi otomatiki nusu kwa nusu, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga nyundo. Wiki saba. Kuna waliochoka, naelewa, kuna aliyetaka kuweka chuma kwenye tundu la plagi agonge, nashukuru alisikiliza wenzake maana pistoni ya aluminiamu ukiigonga na chuma unaitoboa na huko dukani hakuna nyingine. Wiki ya saba tukaweka kipande cha mti mgumu, tukagonga kidogo kidogo kwa kiganja, flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikasogea upana wa ukucha. Sauti mliyopiga siku ile jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu kaumia.

Baada ya hapo moto wa plagi haukuwepo. Magneto, kile kifaa kinachozalisha cheche, sumaku yake bado inavuta vizuri, ila koili nguo yake ya nje imepasuka pasuka na kondensa imekufa kabisa, pointi zina kutu nyeupe. Pointi tulisafisha, kondensa tuliweka ya kisasa yenye kipimo kinacholingana, koili tulimpelekea fundi akaisuka upya na hiyo ndo pesa kubwa kuliko zote tuliyotumia mwaka huu. Halafu sili za kranki, zile pete za kuziba mvujo, hapa nisisitize kwa vijana, injini ya mapigo mawili inavuta mafuta kupitia kwenye kranki, sili ikivuja inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inawaka kwa furaha dakika kumi kisha pistoni inachubuka. Tusiwashe kitu chochote kabla hatujapima mvujo, hata kama kinatamanisha namna gani. Disston imewaka mwezi wa tisa, ikanguruma dakika tatu, moshi wa bluu ukajaa gereji nzima, tukaizima. Mzee wa Tillamook alikuwepo. Alivua kofia akasimama tu.

Niseme na yaliyoharibika. Tulikuwa na ndoo ya siki ya kulainisha kutu kwenye vyuma, na mtu akaweka humo kifuniko cha feni cha mashine nyingine, na kifuniko kile ni cha magnesiamu. Siki na chuma cha kawaida wanaelewana, siki na magnesiamu ni asidi inakula nyama, kikaanza kuchemka mapovu na asubuhi yake kina mashimo. Ndoo haikuwa na alama yoyote, kwa hiyo kosa ni letu wote na mimi wa kwanza. Sasa hivi kila ndoo imeandikwa. Na kwa kuwa tumefika kwenye magnesiamu, unga wake ukiupiga tupa au grainda usiuache mezani, unashika moto, na moto wake usiumwagie maji kabisa, kuna ndoo ya mchanga mkavu pale mlangoni ipo kwa ajili hiyo.

Petroli pia. Vituo vingi hapa vinauza yenye ethanoli asilimia 10, na kabureta za zamani zina boya la koki, yaani gamba la mti kama la vizibo vya chupa, limepakwa shelaki lisinywe mafuta. Ethanoli ni pombe na shelaki inayeyuka kwenye pombe, ndo maana ile mashine ya pili ilikuwa inafurika mafuta na sisi tukalaumu sindano ya kabureta mwezi mzima. Tununue isiyo na ethanoli, ni ghali ndiyo, na tukimaliza tumwage, tusiache tanki na kitu. Klachi za zamani nazo bitana zake zina asbesto, hakuna kupuliza kwa kompresa, tunafuta kwa kitambaa kilicholowa na barakoa usoni.

Haya, mnyororo. Hapa ndo nataka tukae.

Injini tumeshaziweza, nasema kwa moyo mmoja, mafundi wetu wa Eldoret na Bukavu mkiwapa chuma chochote kinachozunguka watakirudisha. Lakini chenso inayonguruma bila kukata ni jenereta yenye mpini. Kati ya zile nne zinazowaka, inayokata mti kweli kweli ni moja. Disston mnyororo wake ulikuja umekatika sehemu mbili na pingili zimepungua, na siyo mnyororo unaoukuta dukani. Ya zamani ile mnyororo wake uliiga meno ya msumeno wa mkono, kuna jino la kukata kushoto, la kulia, halafu jino la kukomba linalotoa kilichokatwa, kila jino linanolewa kwa tupa bapa peke yake, na la kukomba lazima libaki chini kidogo sana ya wenzake, likizidi urefu linakwama na mashine inaruka, likipungua sana linatoa unga tu. Kunoa mnyororo mmoja wa hivo ni kazi ya siku nzima na macho mazima.

Aliyebadilisha mambo ni mtu wa hapa hapa kwetu, Joseph Cox, mkata miti, mwaka 1946 aliona funza wa mbawakawa anatafuna gogo anapita kushoto na kulia bila shida, akatazama taya zake kwa makini, akatengeneza jino lililokunjwa kama herufi C, na 1947 akaanza kuuza mnyororo huo Portland. Karibu kila mnyororo wa leo duniani unatoka kwenye wazo lile na unaunolea kwa tupa ya mviringo dakika ishirini. Sisi tunaishi kwenye mji uleule, nadhani ni wachache kati yetu tulijua hilo tulipofika hapa na mabegi yetu.

Kuna pendekezo mezani, na ni zuri, la kuchonga sproketi mpya, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ili Disston ivae mnyororo wa robo tatu inchi, ule wa mashine kubwa za kuvunia misitu ambao bado unatengenezwa. Nimelifikiria sana. Mnyororo ule una unene wake, mfereji wa upanga itabidi upimwe na pengine upanuliwe, na upanga ukishaupanua haurudi. Msimamo wangu ni huu, sproketi tuchonge maana inatoka na kurudi bila kuumiza kitu, lakini upanga wa Disston tusiuguse, tutafute upanga mwingine uliochakaa tuufanyie hayo majaribio, na ule mnyororo wa asili tuukamilishe pole pole kwa ribiti na pingili za kuokoteza. Najua wengine mnaona namna hii tutakaa mwaka mwingine bila kukata. Nakubali tutakaa. Rangi tuliahidi hatutapaka na hatujapaka, kutu imefutwa na oili, mkwaruzo wa mikono ya wale waliokuwa wakiibeba bado unaonekana kwenye mpini, na nionavyo mimi upanga ni sehemu ya ahadi ile ile.

Usalama. Hatujapata jeraha mwaka huu, Mungu ashukuriwe. Mashine hizi hazina breki ya mnyororo, hazina cha kuzuia mtetemo, ukishika nusu saa vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo zamu ni dakika kumi na si zaidi. Shida kubwa ilikuwa mawasiliano, wa mpini wa mwisho hawezi kuinua mkono kuashiria maana mikono yote iko kazini, na akipiga kelele mwenzake ana vizuia sauti masikioni. Dada yetu katibu ndo alileta jibu, mtu wa tatu anasimama pembeni mahali wote wawili wanamuona, ana kitambaa chekundu, kikishuka tu wa injini anaachia akseleta bila kuuliza kwa nini. Tangu tuanze hivo kazi imetulia kabisa. Miti iliyosimama hatuangushi, tunakata magogo yaliyolala kwenye stendi basi.

Safari ya Camp 18, ile makumbusho ya ukataji miti kando ya barabara kuu namba 26 kule Elsie, ilikuwa nzuri, watoto walipanda kila kitu kinachopandika na wazee wakapiga picha za magia. Tuirudie na tuwahi asubuhi.

Mahesabu anayo dada mweka hazina, atayasoma mkutanoni, mimi nasema tu kwamba hatudaiwi na ada za watu wanne bado, nao wanajijua, nitawapigia simu mwenyewe kwa upole.

Uchaguzi upo. Mimi nagombea tena kwa muhula mmoja, na ningependa nafasi ya makamu achukue kijana chini ya miaka 30, na kama ni binti vizuri zaidi, maana waliokuja mwaka huu kujifunza kusuka koili wawili ni mabinti na mikono yao haitetemeki.

Mkutano ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, gereji ile ile. Chai na maandazi vipo. Kila mtu aje na tupa bapa moja, tutaanza na zile pingili 31 zilizopo za Disston, tuzipange mezani kushoto na kulia tujue zinazopungua ni ngapi, na mwenye kujua mtu mwenye mnyororo wa zamani umelala shambani, hata umekatika, hata pingili tatu, anipigie kabla ya siku hiyo.