Barua kutoka Seoul

Seoul,
20 Aprili 2025

Kwako shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, masomo yananiandama lakini nayamudu. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita, na nimechelewa kujibu kwa sababu swali lako lilinikaa kichwani. Umeniuliza kama ni kweli Katiba nzuri ndiyo iliyowaokoa Wakorea Kusini usiku ule wa Desemba, rais wao alipotangaza sheria ya kijeshi, maana unataka kuwaeleza wanafunzi wako wa Uraia. Nataka nikujibu kwa niliyoyaona.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 3 Desemba. Saa nne na nusu usiku hivi, Rais Yoon Suk Yeol alitokea kwenye televisheni akatangaza sheria ya kijeshi. Alidai kuna watu wanaoitumikia Korea Kaskazini na kuipindua nchi kutoka ndani. Ukweli ni kwamba wapinzani walikuwa wamepata tena wabunge wengi katika uchaguzi wa Aprili, na alikuwa ameshindwa kutawala nao. Amri ya jeshi iliyofuata ilipiga marufuku shughuli zote za siasa, Bunge lenyewe likiwemo, na vyombo vya habari vikawekwa chini ya jeshi. Hata madaktari wanafunzi waliokuwa wamegoma waliamriwa kurudi kazini ndani ya saa 48.

Nilitoka chumbani nikamkuta mama mwenye nyumba wangu amekaa pale mlangoni. Unajua huku viatu huvuliwa mlangoni, hakuna anayeingia navyo ndani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kile kipandio, koti mwilini, viatu miguuni, kamba zimefungwa, simu imewaka mkononi. Alizaliwa Gwangju. Mei 1980 alikuwa msichana wa sekondari, wakati jeshi la Chun Doo-hwan lilipoingia mji ule na kuua raia waliokuwa wakidai demokrasia. Sikuwahi kumsikia akiyazungumza hayo. Usiku ule aliniambia maneno machache tu: "Safari hii sitangoja ndani." Kisha akaniambia mimi nisitoke, kwa kuwa sheria ya hapa inamkataza mgeni kujiingiza katika siasa. Akaenda.

Nikabaki na simu yangu. Polisi walikuwa wamefunga mageti ya Bunge kule Yeouido. Kiongozi wa upinzani, Lee Jae-myung, alijionyesha mubashara akiwa ndani ya gari, akiwaomba watu waende bungeni, halafu nikamwona anaparamia ukuta. Spika Woo Won-shik, mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, naye alipanda ukuta. Helikopta zilishusha makomandoo, wakavunja madirisha wakaingia. Wafanyakazi wa Bunge walirundika meza na makochi milangoni, wakawapulizia askari mitungi ya kuzimia moto. Huko nje wananchi walikuwa wameshajaa, wanasimama mbele ya magari ya jeshi kwa miili yao.

Saa saba usiku wabunge 190 walikuwa wameingia ukumbini. Wote 190 walipiga kura ya kuiondoa sheria ya kijeshi, na 18 kati yao walikuwa wa chama cha rais mwenyewe. Ibara ya 77 ya Katiba yao inasema wabunge wakitaka hivyo kwa zaidi ya nusu ya Bunge zima, rais lazima aiondoe. Bunge lina viti 300, kwa hiyo zilitosha kura 151. Saa kumi na nusu alfajiri ikawa imeondolewa. Mama alirudi kumeshakucha, sauti imekauka kabisa. Nikampikia chai.

Sasa Rehema, tazama. Ibara ilikuwepo, na namshukuru aliyeiandika. Lakini ingebaki karatasini kama wabunge wasingefika ukumbini, na wengi wasingefika kama watu wasingetoka majumbani usiku wa baridi kuwafungulia njia. Na hili si langu peke yangu. Tarehe 4 Aprili, majaji wote wanane wa Mahakama ya Katiba walipomvua Yoon urais, walisema waziwazi kwamba Bunge liliweza kupiga kura upesi kwa sababu wananchi walikataa, na kwa sababu askari na polisi waliitekeleza amri kwa kusuasua. Niliposikia sehemu hiyo nililia. Mahakama imemkumbuka yule mama aliyefunga kamba za viatu! Na imewakumbuka wale vijana wa jeshi pia. Ilisambaa sana video ya mmoja wao akiwainamia wananchi kuomba radhi wakati wanaondoka.

Nisikupambie. Tarehe 7 Desemba kura ya kumshtaki rais ilikwama kwa sababu wabunge wa chama chake, isipokuwa watatu, hawakupiga kura. Ikabidi watu warudi tena barabarani, hadi tarehe 14 zikapatikana kura 204. Siku hiyo nilipita pembeni, kwenye njia ya miguu, nikaona wasichana wamebeba zile taa za rangi za kwenye matamasha ya muziki. Kwenye mikahawa ya karibu, watu wasioweza kuja walikuwa wamelipia kahawa kabla, anayetoka kuandamana anakunywa bure. Lakini nchi imegawanyika. Mwezi Januari wafuasi wa Yoon walivamia mahakama na kuvunja vioo, na mpaka leo wapo wanaoamini alionewa. Mtoto wa mama mwenye nyumba ni mmoja wao, na tangu Sikukuu ya Mwaka Mpya hajaja kumsalimia mamake. Hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote.

Uchaguzi wa rais mpya ni tarehe 3 Juni. Mama tayari ameizungushia duara nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na chini yake ameandika jina la mwanawe.

Nisalimie wazee, na unieleze wanafunzi wamesema nini.

Akupendaye,
Mwanaidi