Barua ya wazi kwa Gavana wa Maine: Iondoe ile barua ya pili

Lewiston, Septemba 2018

Mheshimiwa Gavana,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nisingekuandikia lau si ile barua ya pili.

Agosti mahakama ya juu ya jimbo iliitupa rufaa yako ya kupinga amri ya kuomba upanuzi wa MaineCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, na mwanzoni mwa mwezi huu maombi ya kuipanua yakaenda Washington, kwa serikali kuu. Tukashukuru Mungu. Kumbe yalikwenda na mwenzake: barua yako mwenyewe, ukiwaomba wakubwa wa huko wayakatae! Mheshimiwa, mshenga anayepeleka posa kisha akamnong'oneza baba wa binti "usikubali", kwetu Bukavu hatumtumi tena.

Tarehe 7 Novemba 2017 nilipiga kura yangu ya kwanza tangu niapishwe uraia. Swali la 2. Watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini waingizwe MaineCare, ndiyo au hapana? Asilimia kama 59 tulisema ndiyo, na Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kuamua jambo hili kwa kura ya wananchi. Siku ile nilitembea kifua mbele. Sheria ilitaka bima ianze tarehe 2 Julai mwaka huu. Niliizungushia duara kwenye kalenda ya jikoni, na duara lipo hadi leo. Wewe mswada wa fedha za upanuzi huo uliukataa, ukasema redioni afadhali uende jela kuliko kuliingiza jimbo kwenye madeni.

Hofu ya madeni naielewa. MaineCare ilishapanuliwa zamani, hospitali zikabaki zinadai, mkaja kulipa kwa mapato ya jimbo ya biashara ya pombe. Lakini safari hii Washington inabeba asilimia 90 au zaidi. Au hesabu si ya fedha? Labda unatuona sisi tuliokuja juzi. Basi jua kwamba wengi wanaongoja ni wazaliwa wa hapahapa, wavuvi na wakata mbao.

Mimi nina sukari. Nasafisha ofisi usiku, kwa saa chache zisizonipa bima ya kazini. Nilipoomba ruzuku ya kununua bima, niliambiwa kipato changu, kisichofika dola 12,000 kwa mwaka, ni kidogo mno. Maskini kupita kiasi cha kusaidiwa! Basi insulini ya siku moja naifanya ya siku mbili. Wiki iliyopita nilianguka kando ya ndoo ya deki, nikazindukia hospitali. Bili imeshafika. Insulini bado.

Najua Januari unaondoka madarakani. Chupa niliyonayo haifiki Januari.

Sikuombi uipende sheria hii, wala uende jela. Waandikie Washington mstari mmoja tu, kwamba ile barua ya pili umeiondoa. Iondoe, Mheshimiwa. Tafadhali, iondoe.

Wako,
Mpiga kura wa Lewiston