Mapeasi ya Talent

Talent, Oregon, Marekani
5 Oktoba 2022

Shoga yangu,

Mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Unacheka? Mwalimu wetu wa darasa la tano angenipa kumi juu ya kumi.)

Jana Jumanne nilikwenda sokoni Ashland. Kamusi inasema huu msimu wa majani kupukutika ndiyo vuli. Vuli gani isiyo na mvua? Mchana jua linawaka, usiku baridi kama ya Lushoto mwezi wa saba. Meza zimejaa maboga, pilipili, vitunguu saumu, matofaa, na mapeasi. Shoga, mapeasi! Bonde hili la mto Rogue limeishi kwa mapeasi zaidi ya miaka mia. Lipo moja linaitwa Comice, nene chini kama mtungi, ganda lina mikwaruzo, ukiliona hulipi hata senti. Haliivi mtini. Linachumwa gumu kama jiwe, linalazwa kwenye baridi wiki kadhaa, kisha linatolewa na kuwekwa mezani siku chache. Ukibonyeza karibu na kikonyo pakabonyea, lile siku hiyohiyo, na ulile juu ya sinki, maana maji yake yatakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Sisi pale Soni tulikuwa tunayatafuna magumu tukidhani ndivyo peasi lilivyo!

Aliyenifundisha ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kimexico, ambaye amepogoa na kuchuma mapeasi tangu akiwa msichana.

Uliniuliza habari za ule moto, nami nikawa nakwepa. Ilikuwa tarehe 8 Septemba 2020, kama saa tano asubuhi. Uliwaka pembeni mwa Ashland, upepo ukausukuma kufuata kijito cha Bear Creek. Kingo zake zilikuwa zimejaa vichaka vya beri nyeusi za miiba, zilezile nilizokuwa nachuma bure na watoto, na baada ya kiangazi kizima vilikuwa vikavu kama kuni. Ukapita Talent, ukapita mji jirani wa Phoenix, ukala nyumba zaidi ya 2,500. Nyingi zilikuwa zile za kiwandani, zinazoletwa kwa lori na kupangwa kwenye viwanja vya kukodi: nyumba yako, ardhi ya mwenzio. Ndiko walikokaa wachumaji wa matunda na wazee wanaoishi kwa pensheni.

Upande wetu wa barabara ulipona. Upande wa yule jirani yangu uliisha wote. Kati yetu ni hatua arobaini, nimezihesabu. Siku tuliyoruhusiwa kurudi nilikuta nguo nilizoanika bado ziko kambani, zinanuka moshi tu. Nilizianua mbio kabla hajaniona.

Kwetu ungepigwa msaragambo, kijiji kizima kazini, wanaume wachimbe msingi, sisi tubebe maji na kuimba. Huku msingi unataka kibali, umeme unataka mkaguzi, na nyumba yenyewe inaagizwa kiwandani. Mimi siku ya kwanza nilijipeleka na glavu zangu na jembe, wakanirudisha getini kwa adabu kabisa. Nilirudi nimenuna. Ilinichukua muda kuona kwamba msaragambo upo, umejificha tu. Kuna anayeshika watoto wa wenzake. Kuna msichana wa sekondari anayewasomea watu wazima barua za bima, na zile barua, shoga, hata mimi niliyesoma zinanitoa jasho. Mzee wa nyumba ya kona anapeleka watu maofisini kwa gari lake. Mimi napika. Pilau yangu hata mkaguzi kaila.

Ila si wote waliorudi. Kuna watu niliozoea kuwapungia mkono kila asubuhi ambao viwanja vyao mpaka leo ni changarawe tupu, na sijui hata niwaulizie kwa nani.

Jirani yangu yule amekaa miaka miwili kwa wifi yake, mjini Medford, watu wanane vyumba viwili. Sasa nyumba yake inakuja Jumatatu, imekatwa mapande mawili, kila pande na lori lake, iunganishwe hapahapa katikati. Kisha wiki mbili tatu za maji na umeme. Ameniambia siku atakayowasha jiko nisithubutu kuleta pilau, atapika yeye, mimi nije mikono mitupu kama mgeni. Mikono mitupu sitaweza. Nimelaza mapeasi sita kwenye friji, na nimeweka alama kwenye kalenda siku ya kuyatoa.

Hebu niambie, ule mpeasi wa nyuma kwa bibi bado unazaa? Kama unazaa, jaribu kuyalaza kabla ya kula. Friji usijisumbue nayo, yaweke tu ule upande wa nyumba usiopata jua. Lushoto yenyewe ni friji.

Nisalimie wote, na bibi umwambie namkumbuka.

Ni mimi, shoga yako