Michoro ya kale isipigwe lamineshi

Mhariri,

Mtu akipeleka kwa fundi fremu hapa Tanga mchoro wa kale wa gari la farasi, aghalabu huambiwa aupige lamineshi usiharibiwe na unyevu wa pwani. Ushauri huo ndio unaoumaliza mchoro. Plastiki ile huyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 100 ikaingia katika nyuzi za karatasi. Ukiibandua unang'oa na wino.

Ila kwanza ujue unatunza nini. Mchoro uliochapwa kwa bamba la shaba huwa na mbonyeo wa mstatili kuuzunguka, kwani bamba lilikandamizwa kwenye karatasi mbichi. Chukua lenzi ya kukuza mara 10: ukiona vitone vilivyojipanga safu safu, hiyo ni nakala ya baadaye, hata karatasi ikiwa na rangi ya chai (na huenda ni chai kweli). Michoro ya magari katika Encyclopédie, kamusi elezo ya Mfaransa Diderot, iliyotoka Ufaransa kati ya 1762 na 1772, ilichapwa kwa wino mweusi tu. Yenye rangi imepakwa baadaye, kwa hiyo rangi isikupandishie bei.

Tazama na springi. Springi za duaradufu, zilizokaa chini ya bodi, zilianza mwanzoni mwa karne ya 19. Gari lenye springi hizo halikuchorwa 1770, muuzaji aseme atakavyo. Bodi iliyoning'inizwa kwa mikanda ya ngozi haithibitishi kitu, maana mtindo huo uliendelea.

Kwenye fremu, shikiza mchoro kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba, upande wa juu pekee. Masika karatasi hutanuka. Ukiibana pande zote nne itajikunja mawimbi. Gundi ni wanga wa ngano, sehemu 1 kwa 5 za maji, uupike moto mdogo huku ukikoroga mpaka ung'ae, upoe, uchujwe. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Hadibodi nayo ina asidi, isiguse mchoro. Weka katikati kadibodi ya pamba. Kioo kikae mbali na karatasi kwa milimita 3 hivi, la sivyo ukungu utaanzia hapo. Tundika ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua wala jua, na ubandike vipande vya mpira nyuma ya pembe za chini hewa ipite.

Mkusanyaji,
Chumbageni, Tanga