Barua kwa Somoe, kabla hujapanda mkorosho wa kwanza

Mwanangu Somoe,

Asalaam aleikum. Huku Newala hatujambo, ila mdogo wako Hamisi kikohozi kimemkalia tangu upepo wa baridi uanze. Salamu kwa baba Shamila, na Shamila mwenyewe mwambie bibi anamkumbuka.

Habari ya kuacha kazi niliisikia kwa shangazi yako. Sikuipenda. Mtu anaacha kazi ya uhasibu mjini, anahama na mume na mtoto kwenda kulima Mkuranga, na mama yake anaambiwa na watu wengine magodoro yakiwa yameshafungwa kamba! Hilo nimelimeza. Ulipopiga Jumapili nilikusikiliza mpaka mwisho, na kazi ya kulima siipingi hata kidogo. Swali langu ni lilelile ulilolikwepa kwenye simu: hilo shamba limeandikwa wapi?

Umesema baba mdogo wa mumeo amewapa ekari sita, kasema limeni tu, hapa ni kwenu. Mzee huyo namheshimu, siku ya harusi yako alisimama na sisi kama ndugu wa damu. Lakini maneno yale hayajanionyesha kama amewapa au amewaazima. Na nyinyi mnataka kupanda mikorosho.

Wewe unajua mahesabu kuliko mimi, basi piga na hili. Mchicha unapanda leo, wiki ya nne umeshauza tuta lote kwa mchuuzi wa Mbagala, kesho ukiambiwa ondoka unakung'uta jembe unaondoka. Hujapoteza kitu kikubwa. Mkorosho hauko hivyo. Hata hiyo miche ya kubebesha inayosifiwa, utauhudumia miaka miwili mitatu ndiyo uone korosho za kuonja, na faida ya kweli inakuja baadaye. Ukishakua utakaa hapo miaka ambayo mimi sitaiona, na huenda hata wewe usiione yote. Ndiyo maana wazee wa pwani na wa kwetu wakikuazima shamba wanakwambia lima mahindi, lima kunde, lima muhogo, mti wa kudumu usipande. Walijua kwamba anayepanda mti anadai ardhi. Sasa nyinyi mnakwenda kupanda miti kwenye shamba ambalo hata mipaka yake hamjaonyeshwa mbele ya majirani.

Na nikuulize kitu kingine. Umesema iko mikorosho ya zamani kama kumi na kitu upande wa barabarani. Msimu uliopita, Oktoba mpaka Desemba, korosho zake ziliokotwa na nani? Kama waliokota watoto wa mzee wakauza wao, basi hao ndio wanaojiona wenye shamba. Mwaka huu zikianza kudondoka, nani ataingia chini ya miti na ndoo? Hilo lijue mapema, kwa sababu hapo ndipo maneno yatakapoanzia.

Ya babu yako na shamba la Mkunya unayajua, sitayarudia. Ila hukuwahi kuelewa kwa nini yalikuwa mazito vile. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walihamishwa wakasogezwa pamoja, na mikorosho yao ikabaki kule walikotoka. Mtu anatembea asubuhi nzima kufika kwenye miti yake, anakuta vichaka vimeshaimeza. Wengine wakaiacha kabisa. Nilipokuwa nafundisha niliwaandikia watoto ubaoni: msimu wa 1973/74 nchi nzima ilivuna tani kama 145,000 za korosho, na 1986/87 hatukufikisha hata tani 20,000. Ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia, bei mbaya ilichangia, lakini na kule kumtenga mtu na miti yake kulichangia. Watu waliporudi baadaye kuitafuta, waliwakuta wengine wameshasafisha chini ya miti na wanaokota. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Kila mmoja alikuwa na mashahidi wake, na mashahidi wenyewe wakawa wanakufa mmoja mmoja.

Mama yako mdogo yalimpata mwaka 2018. Unaukumbuka msimu ule, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Kabla ya malipo watu walihakikiwa mashamba, ili wale wa kangomba waliokuwa wakinunua kwa wakulima kwa bei ya kutupa wasijifanye wakulima. Jambo lilikuwa na maana yake. Lakini mama yako mdogo aliyeihudumia ile mikorosho toka mumewe afariki, aliyepalilia, aliyepulizia salfa, dawa ya ubwiri, kwa mikono yake, alipotakiwa aonyeshe shamba, mashemeji zake walisimama pale wakasema shamba ni la ukoo wao. Hakuwa na cha kuonyesha. Alirudi nyumbani, hakula siku ile.

Kwa hiyo nikisema karatasi, Somoe, usiseme mama ana mawazo ya zamani. Ni kinyume chake.

Najua utasema kumdai mzee karatasi ni kumvunjia heshima, na wewe ni mke uliyeolewa pale. Kweli, wewe usiende kudai. Aende mumeo, akiwa na mshenga wenu au mtu mzima wa kwao anayesikilizwa, waende kushukuru. Wapeleke sukari, wapeleke kitambaa cha mama wa nyumba. Wakishamaliza kushukuru waseme: baba, tunaomba utuonyeshe mipaka mbele ya majirani, na mtendaji wa kijiji aandike, ili watoto wetu na watoto wako wasije wakagombana sisi hatupo. Mzee mwenye nia njema hilo litampendeza. Akikasirika, mtakuwa mmeshajua, na hamjapanda mti hata mmoja.

Kwenye karatasi hiyo yawepo majina ya majirani wa pande zote nne, ukubwa wa shamba uliopimwa na siyo wa kukadiria kwa macho, na sahihi ya mzee. Watoto wake wakubwa nao waweke sahihi, hasa wale wa kiume walioko mjini. Hao ndio ninaowaogopa kuliko mzee mwenyewe. Viwanda vinafuatana kando ya barabara ya Kilwa, watu wa Dar wanakuja na magari kila mwisho wa wiki kuulizia viwanja, na kijana aliyeliona shamba la baba yake kuwa pori miaka yote ataliona tofauti siku dalali atakapomtajia bei. Halafu suala liingie kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, muhtasari uandikwe, mpate nakala yenye muhuri. Baada ya hapo ndipo mfuatilie hati ya hakimiliki ya kimila.

Na jina lako liwemo. Siyo jina la baba Shamila peke yake. Sina ubaya na mkwe wangu, ni mtu wa haki, lakini wema wake haurithiwi na ndugu zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imesema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi na kuimiliki sawasawa na mwanamume. Kila kijiji kinatakiwa kuwa na Baraza la Ardhi lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Ukifika, hao wanawake watatu wajue kwa majina, watembelee, kaa nao barazani, usingoje siku una kesi.

Kama mzee akisema nimewaazima tu, pia ni heri. Mwambieni asante, muandikishiane miaka mingapi, na mkae na mboga zenu. Mkuranga kwa mboga hamtalala njaa. Kule bondeni ulikonionyesha kwenye picha, ule udongo mweusi, mpande mchicha na matembele, juu kidogo bamia na nyanya chungu. Mbolea ya kuku muiache ipoe kwanza, mkiiweka ikiwa mbichi itaunguza miche. Wachuuzi watakuja na pikipiki wakitaka kununua kwa tuta. Mkubali mwanzoni mpate fedha ya haraka, lakini wewe mwenyewe uende Temeke Stereo alfajiri uone wanauza fungu kwa shilingi ngapi, ndipo ujue wanakupunja kiasi gani. Hili nakuamini. Toka ulipokuwa darasa la nne ukinihesabia michango ya shule hakuna aliyekudanganya senti.

Mkipata karatasi, basi pandeni mikorosho, na mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi. Msibanane kama watu wenye tamaa: mita 12 kwa mita 12, hiyo ni miche 28 hivi kwa ekari. Utaona mapengo ni makubwa mno, utatamani kuongeza mti katikati. Usiongeze. Mkorosho unataka matawi yake yapate jua pande zote, ukibanwa hauzai kwenye matawi ya chini, na hapo katikati miaka ya mwanzo mtaweka kunde na muhogo. Mbegu mfuate zile zilizotoka kwa watafiti wa kilimo wa kituo cha Naliendele, msiokote korosho yoyote njiani mkaichimbia.

Salfa inapigwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo haujaamka, ili unga ushike. Utaona ubwiri kwenye maua na machipukizi kama mtu aliyemwaga unga wa ngano. Ukingoja mpaka uenee umeshapoteza. Hiyo kazi baba Shamila afunge kitambaa puani na miwani machoni, na nguo za salfa zisiingie chumbani. Shamila ana pumu. Siku za kupulizia mtoto asitoke nje kabisa, na kama nyumba iko karibu na miti mpelekeni kwa mama mkwe wako mpaka vumbi litulie. Umeliwaza hilo? Hukuligusa kwenye simu. Na bomba lake la dawa ya pumu ununue mawili, la pili likae kwenye mkoba wako. Zahanati iko mbali kiasi gani?

Na ujisajili kwa Bodi ya Korosho, ukajiunge na chama cha msingi cha ushirika, korosho zenu zipite kwenye mnada. Unajua mwenyewe msimu wa 2024 minada ilifunguliwa kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Lakini nisikudanganye, bei hiyo hairudi kila mwaka. Wakati wa kujisajili utaulizwa shamba liko wapi na ni la nani, na pembejeo za ruzuku zinakwenda kwa waliosajiliwa. Unaona tunarudi palepale? Ni la nani?

Shangazi yako anasema umesoma bure. Nimemjibu. Huku wenye digrii wanaona haya kushika jembe, na sisi walimu tuna sehemu yetu: mtoto akichelewa shule tulimpeleka akapalilie bustani, akivunja kioo akapalilie mikorosho ya shule. Tuliwafundisha wenyewe kwamba shamba ni adhabu. Wewe hukulibeba hilo, na namshukuru Mungu. Ulipokuwa likizo ulikuwa unaamka kabla yangu kwenda kuokota, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa mabibo, na hukulalamika. Kwa hiyo sikushangaa sana. Nilikasirika kwa kutoambiwa.

Huku nyumbani tanki la kuvunia maji limepasuka upande wa chini, na unajua Newala bila tanki ni kununua maji kwa ndoo. Fundi anataka saruji mifuko miwili. Usitume fedha, Hamisi atauza beberu. Mnahamia shambani, hamjavuna kitu, fedha zenu kaeni nazo. Dawa zangu za presha ninazo za kutosha. Bati la jikoni nalo linavuja, lakini mvua bado.

Mzigo wako nimempa kondakta: korosho zilizobanguliwa, unga wa muhogo, na kanga mbili, moja ya mama mkwe wako. Nimemwambia asifike nao Mbagala, aushushe Mkuranga stendi kwa sababu gari linapita hapo kwanza. Atapiga simu akikaribia Kibiti, uwe umeshafika stendi. Korosho usiziache kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu. Weka kwenye chupa yenye mfuniko.

Nitakuja baada ya mavuno, nikae wiki kadhaa nikusaidie kupanda miche. Lakini sitapanda kwenye shamba ambalo halijaandikwa, hilo ulijue na umwambie mumeo kwa adabu kwamba mama amesema. Mkishapata muhuri piga picha karatasi nzima, mbele na nyuma, unitumie niisome mwenyewe. Na kesho ukinipigia, kabla ya mengine yote, uniambie mtendaji wa kijiji hicho anaitwa nani na ofisi yake hufungua siku gani.

Mimi mama yako